Miaka tisa na vitabu vya Francine Rivers, kabla hujanunua soma hapa

Nianze na lililonipata mimi ili wewe lisikupate. Kitabu chake cha kwanza nilikinunua kwa wauza vitabu wa chini pale Posta, Dar, elfu sita, kava limepauka na ndani kuna jina la mtu limeandikwa kwa peni. A Voice in the Wind. Sikuwa namjua mwandishi, nilivutiwa tu na picha ya mwanamke na yale majengo ya Kirumi. Nikakisoma siku nne, kwenye daladala, jikoni, mpaka umeme ulipokatika nikamalizia kwa tochi ya simu, na nilivyofika mwisho binti wa watu anaingizwa uwanjani, simba anamrukia, mbele kidogo tu kitabu kimeisha. Nikajua kurasa zimechanwa. Kesho yake nikarudi kwa yule kaka nimekasirika kweli, nikamwambia umeniuzia kitabu pungufu, akakichukua akafunua taratibu akaangalia namba za kurasa, akanirudishia, akasema dada hiki kimetimia, hiki kina mwenzake. Mwenzake hakuwa naye. Nilikaa miezi saba nikiamini Hadassah, yule binti wa kwenye simba, amekufa.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kabisa, ule mfululizo unaitwa Mark of the Lion, ni vitabu 3, A Voice in the Wind (1993), An Echo in the Darkness (1994) na As Sure as the Dawn (1995), usianze cha kwanza kama cha pili hakipo mezani. Nasema kwa upendo.

Sasa nimeshasoma vyake karibu vyote alivyoandika baada ya yeye kuokoka na watu wananiuliza sana nianzie wapi, kipi kizuri, kipi nimpe binti yangu wa form two, ndo maana nimeamua kuandika.

Huyu mama ni Mmarekani wa California, kazaliwa 1947, baba yake alikuwa polisi na mama yake nesi. Kasoma Kiingereza na uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Nevada, Reno. Na hapa kuna kitu wengi wanaomsoma huku hawakijui, huyu hakuanza kama mwandishi wa Kikristo. Kati ya 1976 na 1985 alikuwa anaandika riwaya za mapenzi za kawaida, zile za kihistoria zenye vitanda vingi, na zilikuwa zinauza vizuri tu. Familia ikahamia eneo la Sonoma, mtoto wa jirani akawakaribisha kanisani kwao, wakaenda, na mwaka 1986 Francine akaokoka. Halafu akashindwa kuandika. Yaani mtu ambaye kuandika ndo kazi yake, ndo alipokuwa anakimbilia mambo yakimuelemea, anakaa mezani hakuna kinachotoka, miaka kama mitatu hivi. Wakaanza kujifunza Biblia nyumbani na mume wake, wakafika kitabu cha Hosea, na hapo ndo stori ikamjia.

Naona hiyo miaka mitatu ya ukimya ndo ufunguo wa kazi yake yote. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kila kitabu anaanza na swali linalomsumbua yeye, anaandika akitafuta jibu. Na ukisoma unaliona swali. Vitabu vyake vizuri ni vile ambavyo swali linauma mpaka kurasa za mwisho, na vile ambavyo sivipendi sana ni vile ambavyo unahisi jibu alikuwa nalo mfukoni tangu anaanza. Hicho ndo kipimo changu, nitakitumia mpaka mwisho wa review hii.

Vile vya zamani haki zake ziko mikononi mwake na hataki vichapwe tena. Mtu anaacha hela kwa sababu ya anachokiamini, mimi namheshimu sana kwa hilo. Ila kwenye mitumba vinaweza kuwepo bado, ukikuta jina lake kwenye kava lenye jamaa kifua wazi kamkumbatia mwanamke nywele zinapepea, hicho ni cha maisha yake ya kwanza, usimpelekee mama mchungaji zawadi.

Haya, Redeeming Love. Kilitoka 1991 kwa Bantam, kampuni ya vitabu vya kawaida tu, halafu 1997 kikatolewa upya na Multnomah, kampuni ya vitabu vya Kikristo, kikiwa kimefanyiwa marekebisho, na hicho cha 1997 ndo karibu kila mtu anakisoma. Ni Hosea, yule nabii kwenye Biblia aliyeambiwa na Mungu aoe kahaba, na huyo mke wake Gomeri binti Diblaimu, wamehamishiwa California mwaka 1850 wakati wa dhahabu. Msichana anaitwa Angel, kauzwa danguroni akiwa mtoto mdogo, sasa yuko kwenye mji wa wachimbaji, wanaume wanachezeshwa bahati nasibu kupata zamu yake. Mkulima mmoja anaitwa Michael Hosea anamwona barabarani na anasikia moyoni kabisa huyu ndo mke wako. Anamuoa. Binti anatoroka. Anamfuata. Anatoroka tena.

Mimi nimekulia Katoro, Geita, kwa hiyo kile kitabu nilikisoma na macho ya nyumbani. Rashi ikitokea sehemu, yaani dhahabu ikionekana na watu wakaikimbilia, kwanza wanakuja wachimbaji na sululu zao, siku mbili tatu nyingi mama ntilie wameshafika, turubai zimesimama, maji yanauzwa kwa dumu bei ya ajabu, halafu inafunguka baa, na baada ya baa wanaletwa wasichana. Nilisoma darasa moja na msichana aliyeishia huko. Alikuwa anakuja sokoni asubuhi na kanga mbili, moja kajifunga moja kajitanda mpaka machoni, ananunua nyanya haraka haraka na kinamama wanasogeza ndoo zao asizisogelee. Sasa huyu mama wa California hajawahi kufika Katoro lakini kuna namna anamwandika Angel anavyotembea mchana kati ya watu, ameangalia mbele tu, uso umefungwa kama mlango, nikaweka kitabu chini nikakaa kwanza. Hajamremba. Angel ni mkali, ana dharau, anasema maneno ya kuumiza makusudi ili Michael akasirike athibitishe kwamba wanaume wote ni wale wale. Na swali la kitabu liko pale, mtu aliyezoea kununuliwa ataamini vipi kitu cha bure?

Ila kina shida zake na sitazificha. Michael ni mkamilifu mno. Anakasirika mara chache lakini ni hasira ya kimalaika, na ukisoma mpaka mwisho hujui kama huyu mtu anachemsha maharage au anakoroma. Halafu lililo zito zaidi, kuna akina dada nimewasikia wanakitumia kitabu hiki kujifundisha kuvumilia ndoa za kipigo, eti upendo hauchoki, rudi tu. Hapana jamani. Anayerudi na kusamehe mle ni Michael, mwenye nguvu, mwenye nyumba, ambaye mkono wake haujawahi kumpiga mke wake. Angel anarudi mahali salama. Kama nyumbani kwako sio salama hicho kitabu hakijaandikwa kukurudisha kule, na ningependa kila anayekiazimisha aseme hivyo akikikabidhi. Na mambo ya kunyanyaswa mtoto yamo mle, hayajaelezwa kwa undani lakini yanaeleweka, binti wa form two bado, msubirishe.

Muvi yake ilitoka Januari 2022, kaongoza D.J. Caruso, Angel ni Abigail Cowen na Michael ni Tom Lewis, Rivers mwenyewe alishiriki kuandika skripti. Ile California unayoiona pale ni Afrika Kusini, walipigia Cape Town. Picha nzuri kweli, milima, mwanga. Lakini kitabuni Angel anabadilika polepole kama mtu anayejifunza kutembea upya, na sehemu muhimu kuliko zote ni ile miaka 3 anayokaa mbali na Michael, anapogundua kwamba hata yule mume mwema hawezi kuwa Mungu wake. Kwenye muvi hiyo imepita haraka haraka unabaki na stori ya mapenzi tu. Kama hujasoma, usianze na muvi.

Sasa turudi kwa Hadassah, kwa sababu kama una hela ya kitabu kimoja mwaka huu (kimoja maana yake viwili, nimeshaeleza) nunua Mark of the Lion.

Inaanzia Yerusalemu mwaka 70, Tito, jemadari wa Kirumi, kauzunguka mji, njaa imefika pale pa kutisha. Baba yake Hadassah ni yule kijana wa mjane wa Naini, yule wa Luka 7 ambaye Yesu aliligusa jeneza lake akaamka. Mimi nimeisikia ile habari tangu Sunday school na sikuwahi kujiuliza hata siku moja yule kijana aliishi vipi baadaye, alioa, alizaa, alikufa lini. Rivers kajiuliza. Kampa mke na watoto, na kamuua, maana anatoka kwenda kuhubiri kwenye mji wenye njaa na harudi. Familia nzima inaisha, binti anabaki peke yake, anauzwa utumwani anafika Roma kwenye nyumba ya matajiri wa ukoo wa Valerian, anapewa kumtumikia binti yao Julia.

Na huyu Julia ndo kazi bora ya Rivers, sio Hadassah. Hadassah ni mpole, anasali, unampenda, sawa. Julia ni msichana aliyelelewa kwa kupewa kila anachotaka na anaoza mbele ya macho yako ukurasa kwa ukurasa, na hujui ni wapi hasa ungemshika mkono. Kuna siku unamchukia, halafu anamwambia Hadassah nisimulie hadithi, anataka kusimuliwa kama mtoto alale, unashindwa kumchukia. Na ni huyo huyo anayemtupa Hadassah kwa simba, kwa sababu ile amani ya mtumwa wake imemchoma kuliko matusi.

Kitabu cha pili (sasa naharibu kidogo, ruka aya hii kama hujasoma) Hadassah amepona na makovu, uso anaufunika kwa shela, anafanya kazi na tabibu, na Julia anaumwa ugonjwa mbaya wa aibu, watumwa wamemkimbia, marafiki wamemkimbia, anayekwenda kumuuguza ni yule yule Hadassah chini ya shela, na Julia hajui ni nani anayemwosha. Nilimuuguza mama yangu mdogo miezi mitano kabla hajatutoka, najua kubadilisha shuka chini ya mtu anayelia kwa maumivu, najua ile harufu ambayo unatoka nje unapumua halafu unarudi. Rivers hajaruka hiyo kazi. Hajaifanya iwe ya kupendeza. Swali lake mle ni gumu mno, unamsamehe vipi mtu ambaye hajakuomba msamaha na hajui hata kama uko hai. Nililia sana, nikampigia simu dada yangu ambaye tulikuwa hatuongei.

Cha tatu ni cha Atretes, yule Mjerumani wa kabila la Chatti aliyekuwa anapiganishwa uwanjani, anamtafuta mtoto wake. Kizuri lakini kinachoka katikati, safari ya kurudi Germania ni ndefu na mahubiri yanaongezeka. Soma ukiwa na muda. Mfululizo huu ulimpa jina, na tuzo ya RITA ya waandishi wa riwaya za mapenzi Marekani aliichukua mara 3 mfululizo, mbili kwa vitabu hivi cha pili na cha tatu halafu kwa kitabu chake kingine, The Scarlet Thread.

Kwa wale wenye vikundi, jumuiya, umoja wa wanawake, ninyi nunueni A Lineage of Grace. Ni vitabu vifupi vitano vya mwaka 2000 na 2001, siku hizi vinapatikana vimeunganishwa kimoja, ni wale wanawake watano wa ukoo wa Yesu kwenye Mathayo 1, Tamari, Rahabu, Ruthu, Bathsheba na Mariamu. Unajua Mathayo hamtaji Bathsheba kwa jina, anasema tu yule aliyekuwa mke wa Uria. Rivers anamrudishia jina na anamrudishia kilio cha mume wake. Na Tamari! Ile Mwanzo 38 ambayo wachungaji wengi wanairuka, sisi tuliisoma wanawake kumi na mbili kwenye sebule moja na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kupika, maana mle ndani walikuwemo wajane wawili waliosubirishwa na ukoo wa mume kama alivyosubirishwa Tamari na Yuda baba mkwe wake. Mwisho wa kila stori kuna maswali ya kujifunza na mistari ya kufungua, kwa hiyo kiongozi wa kikundi hana kazi kubwa. Kiingereza ni chepesi, tulikuwa tunasoma aya mmoja anaeleza kwa Kiswahili tunasonga. Wa wanaume pia upo, Sons of Encouragement, Haruni, Kalebu, Yonathani, Amosi na Sila, wenyewe umepoa kidogo, niliupenda wa Kalebu tu.

Halafu kuna And the Shofar Blew (2003) ambacho hakitajwi sana na mimi ningekigawa bure kwenye kila semina ya wachungaji. Mchungaji kijana Paul Hudson anaitwa kwenye kanisa dogo linalokufa pale Centerville, wazee wachache waaminifu, majengo yamechakaa. Ana bidii, ana kipaji, watu wanaanza kuja, na hapo ndo inaanza, jengo kubwa zaidi, michango, kamati, mahubiri yanalainishwa ili wenye hela wasikwazike, wazee waliomwita wanasogezwa pembeni taratibu, mke wake Eunice anaambiwa asipige tena nyimbo za zamani, mtoto wake anakua anamwona baba yake madhabahuni tu. Hakuna jambazi humo ndani. Kila hatua ina sababu nzuri. Nilivyokuwa nasoma nilikuwa naona sura za watu ninaowajua na maboksi ya sadaka ya ujenzi yamepangwa mlangoni. Huyu mama analipenda kanisa, ndo maana ameweza kuandika hivi bila kejeli.

Vingine kwa kifupi. The Last Sin Eater (1998), cha kitoto kwa maana nzuri, binti wa miaka kumi kwenye milima ya Appalachia, kuna mtu kule ambaye mtu akifa anakuja kula chakula kilichowekwa juu ya maiti ili abebe dhambi za marehemu. Hiki ndo cha form two. Leota's Garden, bibi wa miaka 84 aliyesahauliwa na watoto wake, kisome kama una mzazi kijijini. The Atonement Child, msichana aliyebakwa akapata mimba, ni kizito na kina msimamo mkali, swali la kweli limo ila kuna wahusika wamewekwa ili washindwe hoja tu. Her Mother's Hope na Her Daughter's Dream (vyote 2010), mama na binti vizazi vinne, kaanzia kwenye habari za bibi yake mwenyewe, kirefu sana ila yule Marta wa Uswisi ambaye anampenda binti yake na hajui kumwambia, wengi tutamjua. The Masterpiece (2018) niliona jibu kabla ya swali. The Lady's Mine (2022) ni chepesi cha kupumzikia.

Kuhusu kununua. Vipya ni ghali huku na wakati mwingine havipo, kwenye Kindle (vile vya kusomea kwenye simu) bei inapungua ukisubiri. Kuna duka moja la mtandaoni liliniuzia An Echo in the Darkness kwa elfu thelathini na tano, picha waliyoweka ni ya kitabu halisi, kilichokuja ni fotokopi imegandishwa kwa gundi, herufi za pembeni zimekatika, ukurasa wa 200 na kitu umejirudia mara mbili na unaofuata haupo. Waliahidi kubadilisha hawakubadilisha. Omba wakurekodi video wanafungua kitabu kabla hujatuma hela. Mitumba bado ndo salama, unashika, unafungua, unanusa, unahakikisha mwisho upo.

Kopi yangu ya ile ya kwanza, ile ya Posta, imeshapita mikono kumi na moja, gamba nimeligundisha na soloteipu. Sasa hivi iko kwa wifi yangu Kibaha. Juzi saa tano usiku simu inaita napokea analia, wifi hiki kitabu kimechanwa mwisho. Nimeshafunga cha pili kwenye nailoni, kesho asubuhi nakituma kwa konda wa basi la kwanza.